Masika ya Kupigana na Bwana Afya

1 Machi, Jumamosi

Mvua ya kwanza ya masika imeingia Nyantakara leo, na Ndizeye naye ameingia. Ameletwa na rafiki yake Sostenes kwenye Noah ya kukodi kutoka Biharamulo mjini, yeye, godoro, begi la nguo, runinga na ile mashine ya gemu iliyokuwa ikimlisha. Banda lao la gemu pale karibu na stendi limefungwa. Mama alitangulia juzi kutoka kijijini kwetu Murukulazo. Amekuja na mkungu wa ndizi na jembe lake mwenyewe, utadhani mimi kwa kuwa ni mwalimu sina jembe.

Naandika ili nisije nikawafokea watu wasio na kosa. Ndizeye ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Mwaka jana alianza kuangusha vikombe, tukamcheka. Halafu akashindwa kufunga vifungo vya shati, tukaacha kucheka. Tulihangaika mpaka Mwanza, na daktari wa huko, mama mpole mwenye miwani, akatueleza kwamba neva zinazoiamuru misuli zinakufa. Mikono imetangulia, ulimi na koo vitafuata, na miguu, na mwisho pumzi. Nikauliza dawa. Akasema ya kuponya haipo. Nikauliza tena kwa kuzunguka, kama ninavyomfanyia mwanafunzi aliyekosea jibu ili apate nafasi ya kujirekebisha. Jibu likawa lile lile.

Sostenes nimempa chai na uso mkavu. Ndiye aliyemtoa Ndizeye chuo cha ufundi wakaenda kufungua hilo banda. Kanywa, kashukuru, kaondoka.

3 Machi

Mvua. Darasa la nne wameandika "kura chakura" tena. Nimechoka kabla muhula haujakolea.

6 Machi

Nimerudi kutoka shuleni nikamkuta Ndizeye amekaa mbele ya runinga, pedi ya gemu mapajani, vidole vimelala juu yake tu. Akaniambia, "Dada, nishikie pedi." Mama alikuwa anachambua maharage. Akainua kichwa, akauliza kwa mshangao wa kweli mwanaume anataka pedi ya nini. Jamani! Tulicheka mpaka Ndizeye akapaliwa. Sijasikia kicheko nyumbani kwetu tangu Mwanza.

Baadaye alinieleza anachotaka. Katika gemu hilo unatembea nchi nzima na upanga na ngao, unapigana na majoka, mbwa mwitu na majitu, na kila unayemshinda anakuongezea nguvu na silaha. Hao wote alishawamaliza mikono ikiwa mizima. Limebaki geti moja la mawe, na mbele yake amesimama mtu. Mtu wa kawaida, kimo kama changu, kanzu ya kijivu, upanga mwembamba. Pale bandani hakuna kijana aliyewahi kumpita. Walimbandika jina la Bwana Afya, kwa sababu akiumizwa anatoa chupa kwenye mkoba, anakunywa dawa, damu inamrudia.

Ndizeye anataka kuona kuna nini nyuma ya geti kabla. Alisema "kabla", akaishia hapo. Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Ni kweli ninayo. Nimeyaacha nikashika pedi.

8 Machi, Jumamosi

Leo nimeuawa asubuhi nzima na sababu ni Kiswahili.

Pedi ina vitufe mabegani. Cha kushoto kimeandikwa L, hicho kinainua ngao. Cha kulia kimeandikwa R, hicho kinapiga. Mpango wetu ni kwamba Ndizeye anakaa kitini, mimi nakaa kwenye mkeka mbele yake, yeye ni macho na akili, mimi ni vidole. Safi. Sasa mlete mtu wa Murukulazo akuitie Le na Re kwa haraka. Kwa mdogo wangu zote ni Re. Bwana Afya ananyanyua upanga, Ndizeye anaita "Re!", mimi napiga, kumbe alitaka ngao. Nimekufa. Narudi, anaita "Re!", nainua ngao, kumbe adui alikuwa wazi kabisa. Nimekufa tena. Miaka yote hii nawapigania watoto wa watu na hizo herufi mbili, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe zinaniua.

Mwisho Ndizeye akasema tuachane na herufi, atasema "rinda" nikitakiwa kuinua ngao na "piga" nikitakiwa kupiga. Nikamwambia ni linda. Akasema ndiyo, rinda. Nikamwambia weka ulimi juu, sema la, le, li. Mama akaingilia kutoka jikoni. "Na kwa lugha ya kwetu si ndiyo kurinda? Kosa liko wapi?" Nikajibu kosa liko kwenye Kiswahili. Ndizeye akatabasamu tu, hakurekebisha kitu.

12 Machi

Umeme hakuna. Mama amepanda maharage nyuma ya choo.

15 Machi, Jumamosi

Sostenes amekuja na Ndizeye akawa mchangamfu, nami nikanuna kidogo, kwa sababu mimi ndiye ninayekufa kila siku na yeye anakuja kuchekeshwa.

Wamenifundisha. Ndizeye anasema kosa langu ni kupigana na mtu kama ninapigana na mnyama. Mnyama anafuata tumbo lake, ukimtazama kidogo tu unajua atarukaje. Mtu anakutazama wewe. Ukipeleka mkono kwenye dawa anaona, anakuja mbio kukukata kabla hujafungua kizibo. Ukikimbilia mbali upumzike, umempa nafasi naye anakunywa, kazi yako yote imepotea. Kwa hiyo ukae karibu, na huo ukaribu ndio unaoua watu. Lakini naye ana mstari wa pumzi kama wako, ule wa kijani. Akishakata mfululizo, bega la upanga linashuka, hapo piga. Piga moja, rudi kwenye ngao. Vijana wote bandani walikufa kwa tamaa ya pigo la pili.

Nilifuata yote. Nilimfikisha nusu. Akarudi nyuma, akatoa chupa, akanywa taratibu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgahawa, mstari wake mwekundu, ule wa damu, ukajaa. Nikaitupa pedi kwenye mkeka. Nilisema kwa nini huyu mpuuzi ana chupa. Nilijua wote wamenielewa. Sostenes aliiokota pedi, akaifuta na shati lake, akanirudishia.

19 Machi

Nimekufa, nimekufa, nimekufa. Uji leo umemshinda, Mama ameupunguza unga.

22 Machi, Jumamosi

Mvua kubwa. Nyumba yangu haina dari, ni bati tupu, na mvua ya huku ikikaza humsikii mtu aliyekaa ubavuni. Ndizeye anaita, naona kivuli cha mdomo wake kwenye kioo cha runinga, sauti haifiki. Nikafikiri ni bati. Mvua ilipoacha aliita tena, na sauti ikawa ile ile, nyembamba, inatokea puani. Tukatazamana. Wiki mbili zilizopita alikuwa ananifokea.

Niliwasha jiko nikapika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

27 Machi

Amekabwa na ugali. Mama alimpiga mgongoni, nikasimama kama mti. Kuanzia leo ni vyakula vya kupondwa.

29 Machi, Jumamosi

Nina jambo la kusema kuhusu Sostenes. Nilitoka kanisani kwenye usafi na akina mama mapema kuliko nilivyodhani, nikamkuta nyuma ya nyumba anamwogesha Ndizeye. Mama alikuwa shambani. Amemkalisha kwenye kigoda, anamsugua mgongo, na anampigia hadithi za wateja wao wa zamani, fulani bado anavunja pedi akifungwa, fulani ameoa. Anamwogesha bila haraka na bila kumwonea huruma usoni. Kumbe ndivyo anavyofanya kila Jumamosi, mimi najua tu kwamba nikirudi namkuta mdogo wangu ananukia sabuni. Nilidhani ni Mama.

Nilirudi mbele nikabisha hodi upya ili wasijue nimewaona. Aliponiamkia, "Shikamoo mwalimu," niliitikia marahaba kwa moyo, na nikampakulia nyama.

5 Aprili, Jumamosi

Sauti haitumiki tena, hasa bati zikilia. Sostenes ndiye aliyepata njia. Miguu ya Ndizeye bado inasikia amri. Mimi nakaa kwenye mkeka katikati ya miguu yake, mgongo kwenye kiti. Goti la kushoto likinisukuma bega, ngao. La kulia, piga. Yote mawili kwa pamoja, kunywa dawa.

Ajabu, imekuwa rahisi. Goti halina Le wala Re. Leo tumemfikisha nusu mara kadhaa, na safari moja tulimwahi kabla hajafungua chupa. Mama aliacha kupeta mchele akasimama na ungo wake kututazama. Alisema huyo mtu ana dharau. Tukamwambia ndiyo, ana dharau sana.

10 Aprili

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya pambano. Gemu hili halikutunzii pambano, ukikatika unaanza upya, na yeye anasimama pale getini mzima kabisa.

11 Aprili

Umeme, hivyo hivyo.

14 Aprili

Mvua. Barabara ya mjini imekatika kwa siku mbili. Goti la kulia naona linachelewa, au ni mimi.

20 Aprili, Pasaka

Mama ametoka misa na chupa ya dawa ya majani aliyouziwa na mtu sokoni, wa kujisifia kwamba anatibu kila kitu, kisukari mpaka ugumba. Nilitaka kusema. Ninalo somo zima la kusema, na daktari wa Mwanza alishatuonya juu ya vitu vya kumpalia. Ndizeye akanitazama kwa namna ya kuninyamazisha. Akafungua mdomo. Mama akamtilia kijiko kimoja, kidogo kidogo, na usoni alikuwa kama msichana. Ndizeye alimeza kwa shida, akapaliwa, akameza. Mama akasema ameona rangi imerudi.

Mama alipokwenda kuosha vyombo nikamwuliza mdogo wangu kwa nini anajitesa. Sasa sentensi moja inamchukua muda, ninasikiliza kwa kuangalia midomo. Alisema, "Yeye ndiye anayepona kidogo."

Halafu akanieleza jambo la gemu, na mwanzoni nilidhani amebadilisha mazungumzo. Alisema Bwana Afya hajui kama chupa yako ina dawa au haina. Anaona mkono tu. Tukimaliza dawa zetu zote, nibonyeze kunywa hivyo hivyo. Mkono utakwenda kwenye mkoba, chupa itatoka tupu, na yeye atakuja mbio kunikata kama kawaida. Nitakuwa najua njia anayokuja nayo. Alikuwa ameliwaza hilo tangu bandani, hakuwahi kulijaribu.

Nimeosha masufuria usiku ulipoingia nikiwa nimekasirika na sijui nani. Mungu, labda. Ni Pasaka, nitaungama.

26 Aprili, Jumamosi

Imefanya kazi!

Magoti yote mawili yakanibana. Nikabonyeza. Chupa tupu ikapanda mdomoni na Bwana Afya akaja mbio, upanga nyuma ya bega, hajilindi. Goti la kulia. Nikampiga akapiga magoti. Sostenes aliruka akagonga taa. Tulirudia mtego huo huo na akaja vile vile, yule anayesoma watu wote alishindwa kuisoma chupa. Naye akamaliza chupa zake za dawa. Mstari wake ulibaki upana wa kidole changu kidogo.

Umeme ukakatika.

Sostenes alitoka nje akasimama kwenye mvua. Mimi nililia bila kujificha. Ndizeye peke yake hakuonekana kuumia. Nilipogeuka alikuwa ametulia, nusu anatabasamu, nikadhani ni ujasiri.

30 Aprili

Umeme upo. Nimekufa kwa uzembe wangu, nilipiga la pili.

3 Mei, Jumamosi

Nataka kuandika hili vizuri.

Tulimfikisha tena. Dawa zake zimekwisha, pumzi imemwishia, bega limeshuka, mstari wake mwekundu hauonekani bila kuinama. Mwanafunzi wa chekechea angemmaliza. Nasubiri goti la kulia. Likanisukuma la kushoto. Nikadhani amekosea, lakini nilizoea kutii, nikainua ngao. Bwana Afya akavuta pumzi, akaanza kunizunguka. Bega likashuka tena. Kushoto tena. Tukaendelea hivyo mpaka nikachanganyikiwa, akanikata, nikafa.

Nikamgeukia. Nilikuwa mkali, sifichi. Nilimwambia nimeacha madaftari ya watoto, nimeacha kupalilia, nimeacha usingizi, na leo goti linasema uongo. Sostenes alikuwa anatazama sakafu. Naona alishajua.

Ndizeye alichukua muda mrefu kupanga midomo. Mate yalimtoka, nikamfuta, nikasubiri.

"Dada, nikimshinda, kesho utakuja kukaa hapa kufanya nini?"

Nikamwambia nitakuja tu. Nitakaa tu. Akatikisa kichwa taratibu, kwa upole, kama mtu anayemjua dada yake. Na ni kweli. Kabla ya gemu hili nilikuwa namjulia hali mlangoni na chaki mkononi. Nisingejua namna ya kukaa naye tu nikimtazama anavyokwisha. Ningekuwa na vikao vya shule.

Nikamwuliza, na geti je, si ulitaka kuona nyuma ya geti? Akanijibu kwamba hamu hiyo aliianza akiwa na mikono.

Sikumsamehe mpaka jioni. Nilipomsamehe nilikuwa nimeshamsahau Bwana Afya kabisa, nilikuwa nampondea viazi.

6 Mei

Maharage ya Mama yamefunga maganda. Mvua inapungua. Anamwekea kijiko cha ile dawa kila asubuhi, na mimi nashika kikombe cha maji pembeni.

10 Mei, Jumamosi

Sostenes alilazimika kumbeba kutoka chooni. Miguu imeanza. Nilijua itafika, niliambiwa kwa Kiswahili fasaha kabisa, na bado nilikwenda nyuma ya nyumba nikapalilia matuta ambayo Mama alishapalilia jana.

Mama amezoea kuuliza kila jioni, "Bwana Afya hajambo?" Tunamwambia hajambo, yupo getini.

13 Mei

Leo niliwafundisha darasa la nne silabi. Mtoto mmoja akasoma "Baba anarinda mifugo." Nikafungua mdomo. Nikasema vizuri, endelea.

17 Mei, Jumamosi

Hakuna mvua. Bati zimenyamaza, nyumba ina ukimya wa ajabu, unasikia hata feni ya mashine. Sostenes amemwogesha, amemkalisha, amemweka mito kila upande. Mama akaja akakaa nasi kwenye mkeka na maharage yake mabichi ya kumenya. Umeme upo na hautaki hata kuyumba. Naona ulikuwa unangoja leo.

Nilipigana vizuri kuliko siku zote. Magoti yake yako mabegani kwangu, mazito, ya moto, hayasukumi. Nilijua mapema kwamba hayatasukuma. Nilipigana peke yangu kwa alivyonifundisha, karibu, bila tamaa, moja na ngao, moja na ngao. Nikanywa chupa tupu, akaja. Nikanywa tena, akaja. Bwana Afya alimaliza dawa zake. Akabaki na upana wa uzi, pumzi imekwisha, bega limeshuka, geti liko nyuma yake. Mama aliacha kumenya.

Nikasubiri. Goti la kulia halikusogea. La kushoto halikusogea. Ningeweza kupiga, na nitalisema hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia: nilitaka kupiga. Nilitaka angalau kimoja kiishe kwa mkono wangu. Bwana Afya akaanza kurudisha pumzi.

Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Hewa tu, karibu isiwe sauti, lakini bati zilikuwa kimya.

"Rinda."

Nikarinda.